Rivyu ya Kampala ukiwa kwa wilchea: watu nyota nne, saruji nyota moja na nusu

Watu hurivyu hoteli, simu, saluni, mafundi wa nywele, mimi leo narivyu mji mzima. Mji pia ni huduma na tunaulipia, kila soda nikinunua kuna kodi ndani na hiyo kodi haijawahi kuniuliza kama natembea ama nasukuma. Nimezaliwa Busia upande wa Uganda, polio ikanipata nikiwa mtoto mdogo, sahii naishi karibu na Ntinda na nashona nguo katikati ya mji, kwa hivyo siongei kama mgeni aliyekuja wikendi akapiga picha akaenda.

Nianze na karatasi maana kwa karatasi hatuna mpinzani, kusema ukweli. Katiba ya 1995 kifungu cha 35 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na utu wake, na kwamba serikali pamoja na jamii wachukue hatua afikie uwezo wake wote. Katiba hiyo hiyo inataja hadi kukuza lugha ya ishara, mwaka huo nchi nyingi kubwa zilikuwa bado hazijawaza hilo jambo. Bungeni tuna viti vitano vyetu wenyewe. 1996 Alex Ndeezi akaingia bunge akiwa kiziwi, mkalimani pembeni yake, dunia ikashangaa. 2008 tukaridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, tukawa na sheria ya 2006, ikaondolewa ikaletwa ingine ya 2020, inayokataza ubaguzi na inayotaka majengo ya watu wote yafikike. Hata hapa mjini, kwa baraza la Kampala kuna madiwani wawili wa watu wenye ulemavu na mmoja lazima awe mwanamke. Ukisoma haya yote ukiwa umelala kitandani utadhani ukifungua mlango utakuta saruji imelazwa vizuri kutoka kwako mpaka dukani. Karatasi nawapa nyota tano bila kinyongo, kuna watu walipigania hizo mistari miaka mingi, NUDIPU, muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu Uganda, uko tangu 1987, sio mchezo.

Sasa tutoke nje.

Teksi. Kwa mtu wa Kenya ama Tanzania anayesoma, huku teksi ndio matatu yenu ama daladala, Hiace nyeupe yenye vidoti vya bluu pembeni, abiria 14. Mlango ni wa kuvuta, sakafu iko juu, ngazi yake ni nyembamba na kile kiti cha kukunja kinakaa mlangoni hapo hapo. Mimi nina namna yangu ya kupanda. Naleta kiti mpaka kibandane na mlango, nafunga breki zote mbili, mkono wa kushoto unashika chuma cha kiti cha kwanza, wa kulia unasukuma kwa wilchea, najivuta mara moja makalio yanafika sakafuni, halafu kutoka sakafuni naenda kwa siti. Mikono yangu imefanya hiyo kazi tangu utoto, ni mikono ya mtu wa kushona na kusukuma, usiidharau. Ukiniacha namaliza kabla konda hajarudisha chenji ya watu wawili.

Shida hawaniachi. Nikifika tu mlangoni konda anaruka, mtu wa steji anaruka, na kijana mmoja alikuwa anapita zake na chapati mkononi naye anaruka, mmoja ananishika kwapani, mwingine magoti, hakuna aliyeuliza, sketi inapanda juu, mkoba unabaki kwa kiti, nami niko hewani nawaambia polepole jamani. Na wote wanacheka vizuri, wana roho nzuri kabisa, mmoja ananiambia "pole sana nnyabo", yaani pole sana mama. Ndio maana watu wa mji huu nawapa nyota nne. Zingekuwa tano lakini hiyo moja naishika mpaka wajifunze kuuliza. Mimi ni mama wa watu, sio gunia la mahindi.

Halafu kuna mambo ya nauli ya kiti. Hii nilikutana nayo kwa teksi za kwenda nyumbani Busia, ambako angalau konda na abiria tunaongea Kiswahili tunaelewana. Kanikunjia kiti kaweka nyuma, tumekaa, anaanza kukusanya:

"Mama, kiti nacho kinalipa."

"Kimekaa siti gani?"

"Kiko kwa buti."

"Buti huwa inalipa?"

"Mzigo unalipa mama, unajua."

"Hiyo sio mzigo, ni miguu yangu. Huyu mzee hapa mbona miguu yake hujailipisha na imekuja mpaka kwa siti yangu?"

Gari zima likacheka, mzee mwenyewe akacheka akavuta miguu, konda naye akashindwa akachukua ya mtu mmoja. Vizuri. Lakini sio kila siku mtu ana nguvu ya kuchekesha watu ndio alipe nauli sawa na wengine. Kuna siku nimechoka, nalipa mara mbili, nanyamaza. Na nikilipa mara mbili kila safari ndani ya mwezi mzima, hiyo ni hela ya vitambaa. Wenzangu wengi wa kiti wanalipa tu, wameshazoea, wanaona ndio bei.

Jioni ndio usiulize. Kuanzia saa kumi na moja hivi watu wanagombania teksi kwa viwiko, konda anakuona kutoka mbali anaangalia kando, au anakuambia imejaa nawe unaona siti tatu kwa dirisha. Simlaumu sana kwa upande mmoja, kila dakika akisimama ni hela, bosi wa gari anataka hesabu yake jioni. Lakini hapo ndio unaona sheria ya 2020 iko Kampala Road na konda yuko Nakawa na hawajawahi kukutana.

Kitu kimoja kizuri nakisema wazi, Old Taxi Park, kile kituo kikubwa cha teksi katikati ya mji. Wanaoikumbuka ya zamani wanajua, mvua ikinyesha ile ilikuwa dimbwi, mashimo, matope mpaka kwa ekseli, mimi nilikuwa nabebwa mgongoni na vijana kutoka barabarani mpaka kwa gari, kiti kinakuja nyuma kichwani kwa mtu mwingine. Wakaifunga 2020, wakaitengeneza, 2021 ikafunguliwa ikiwa na sakafu ya kueleweka. Sasa naingia nikisukuma mwenyewe. Msongamano uko pale pale, kelele ziko pale pale, lakini gurudumu linazunguka. Hakuna aliyetengeneza sakafu ile kwa ajili yangu, waliitengeneza kwa ajili ya magari, na bado mimi ndio nimefaidi zaidi ya wote. Nyota tatu na nusu.

Boda sitaongea sana. Inawezekana, wengine wanapanda na kiti kimekunjwa mbele ya dereva, mimi siwezi, miguu yangu haishiki vyuma vya pembeni, tukipiga kona moja tu naachwa Jinja Road. Speshali, yaani gari la kukodi, ndio raha kamili, kiti kinaingia buti ya gari dogo, unafika mlangoni, lakini bei yake mtu wa kushona atafanya mara ngapi? Kwa zile za kuita na apu, ukimwambia dereva kwa simu kwamba una wilchea kuna ambao wanakata safari hapo hapo, kimya. Kwa hivyo nimeacha kuwaambia. Akifika anakuta mimi na kiti, ashaona nimekaa tayari, aibu inamshika, tunaenda.

Sasa barabarani kwenyewe. Kampala ni mji wa vilima, hilo hakuna baraza litakalobomoa. Kutoka chini Nakivubo mpaka juu Nakasero kwa mikono yako miwili ni mazoezi ambayo hata mwanajeshi ataomba maji. Kilima nakikubali. Nisichokubali ni kitu kidogo kidogo kilichotengenezwa na binadamu. Mfuniko wa mtaro umeibiwa, limebaki shimo katikati ya njia ya miguu. Ukingo wa njia una sentimita ishirini kwenda juu, hakuna mahali umeshushwa, kwa hivyo ukiwa chini utabaki chini pamoja na magari na ukiwa juu utabaki juu mpaka mtu akubebe. Nguzo ya umeme iko katikati kabisa. Kwa mwenye miguu haya ni mambo ya kuruka bila hata kuacha kuongea na simu. Yale magurudumu madogo ya mbele ya wilchea, yale ya ukubwa wa kiganja, yakiingia kwa ufa yanasimama papo hapo na wewe unaendelea na safari ukiwa hewani kwenda kwa pua.

April 2023 mnakumbuka ile maonyesho ya mashimo, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alianzisha mtandaoni, watu wakaposti picha za mashimo ya barabara zao, nchi nzima ikacheka na kukasirika, mpaka rais akaagiza hela itoke. Nilifurahi sana. Lakini nilipita zile picha nyingi nyingi nikaona ni mashimo ya tairi za gari tu. Shimo la njia ya miguu halina mashabiki.

Isipokuwa pale Namirembe Road na Luwum Street. Pale walijenga njia maalum ya watembea kwa miguu na baiskeli, wenye maduka walilalamika magari yao yatapaki wapi, ikajengwa hata hivyo, na mimi nawaambia ile njia ikiwa wazi ni tamu. Ni pana, imelala sawa, unasukuma kiti unaongea na mwenzako pembeni kama watu. Siku ya kwanza nilikuwa sina shughuli yoyote upande ule na bado nilienda nikarudi, nikaenda tena, askari mmoja akaniuliza mama umepotea? Nikamwambia hapana, natembea tu. Nilikuwa sijawahi kusema hilo neno mjini nikawa namaanisha.

Ikiwa wazi, nimesema. Saa nane mchana ukienda utakuta boda zimepaki, mabunda ya nguo yameshushwa, mtu amepanga viatu. Na hapa kichwa changu kinagawanyika mara mbili, maana Januari 2022 walipoondoa wachuuzi kwa barabara za mji, njia zilifunguka nikapita vizuri, halafu nikakumbuka kwamba kati ya waliotolewa kuna wenzangu wa kiti na wa magongo niliowajua kwa majina, walikuwa wanauza karanga, leso, airtime, kwa sababu kazi ya kukaa ndio kazi wanapata. Duka la kukodi wapi, ghorofa ya tatu na lifti ya ndoto? Kwa hivyo mimi nilipata njia na wao wakapoteza chakula. Hiyo sina nyota ya kuipa.

Majengo sasa. Kuna jengo moja la biashara sitalitaja, jipya, vioo mpaka juu, nilienda kununua zipu na nyuzi kwa jumla. Nje kuna rampu, ule mteremko wa kupandishia wilchea badala ya ngazi. Nikafurahi, nikaisogelea. Kwanza ni ya vigae vinavyong'aa, vile vya sebuleni, na ilikuwa imenyesha. Pili ni kali. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili, maana yake ngazi ya sentimita 15 inataka rampu yenye urefu wa sentimita 180. Pale palikuwa na ngazi tatu, ukijumlisha inataka zaidi ya mita tano, na rampu yenyewe ilikuwa labda mita moja na nusu. Hiyo sio rampu, hiyo ni ya kuteremshia magunia. Juu yake, pale inapofika mlangoni, wameweka chungu kikubwa cha maua. Nikamuuliza askari hii rampu ni ya nani? Akaniambia ni ya sheria, nnyabo. Nilicheka mpaka machozi, maana hakutania, ndivyo alivyoelezwa. Mkaguzi alikuja, akaiona, akaandika ipo, akaenda.

Na kwa mlango askari lazima akupitishe kile kifaa cha kukagua chuma. Kiti changu chote ni chuma. Kinalia. Anapitisha tena, kinalia. Anaangalia kifaa, ananiangalia, anapitisha chini ya siti, kinalia zaidi, foleni nyuma imefika barabarani. Mwishowe anafungua mkoba wangu anakuta mkasi wa kitambaa wa inchi kumi na anasema haya mama pita. Jamani.

Mashopingi moli makubwa yako vizuri, lifti zipo, milango mipana, sina maneno mengi, nyota nne. Ila bei ya mle ndani nayo ni kizuizi cha aina yake.

Vyoo. Hapa wanaume wa kiti watanisamehe, nyie mna chupa. Mwanamke akitoka nyumbani Ntinda asubuhi anajua hatakunywa maji mpaka arudi, na jua la mji huu unalijua. Sehemu za kula ambazo zina choo chenye ile picha ya wilchea mlangoni, ukifungua unakuta makreti ya soda, mop, ngazi ya fundi umeme, wakati mwingine na fundi mwenyewe amelala. Wanakwambia subiri tutoe vitu. Mimi sisubiri, kibofu hakisomi sheria. Sehemu moja tu nimepata kinachofunguka bila kuita meneja na sitaitaja jina, nikiitaja kesho kitajaa makreti.

Kwa chakula mshindi ni muuza rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, wa kando ya barabara, nyota tano, nasimama nalo. Hana ngazi, hana mlango, hana kizingiti. Sigiri yake, jiko la makaa, iko chini kiasi kwamba mimi nikikaa kwa kiti tunaangaliana macho kwa macho, naona mayai yakipigwa kwa kikombe, naona kama nyanya ni ya leo. Wandegeya usiku nimekula rolex na wanafunzi wa Makerere wamesimama mimi nimekaa na hakuna aliyeniuliza nimefikaje. Kwa mgahawa wa ghorofani mhudumu anaongea na aliyenisindikiza: "yeye atakula nini?" Mimi niko hapa kaka, mdomo haukupata polio.

Nisisahau wasioona na viziwi maana tukisema ulemavu kila mtu anafikiria kiti. Jirani yangu ni kiziwi, anasoma na kuandika vizuri. Kwa habari za TV anaona mkalimani kwenye kaboksi pembeni, anajua mambo ya bunge kunizidi. Akienda kliniki anaandika kwa karatasi, daktari naye anajibu kwa ule mwandiko wa madaktari, sasa hapo nani anamtibu nani? Lugha ya ishara iko kwa katiba tangu 1995 na bado akiumwa anabeba binti yake wa darasa la sita amtafsirie mambo ya tumboni mwake ambayo mtoto hapaswi kusikia.

Nikienda nyumbani Busia huwa nakaa mpakani naangalia wale jamaa wa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu wanazungusha kwa mikono. Wanapakia mafuta ya kula, unga, makreti, wanavuka Kenya wanarudi, kuna mtu amelipwa kusukuma nyuma, wafanyabiashara wanawatafuta wao kwa simu. Barabara pale ni mbaya kama kwingine, sheria ni ile ile. Lakini pale hakuna anayewabeba, wao ndio wanabeba. Nikirudi Kampala nikinyanyuliwa kwapani na watu wenye roho nzuri nawakumbuka nakasirika kidogo, maana kila siku watu wazuri wananinyanyua ndio siku ingine mwenye jengo anaona ngazi zake hazina shida, si nimefika juu? Huruma ya watu wa mji huu imewasaidia sana wenye majengo.

Jumla natoa mbili na nusu. Watu nne, karatasi tano, saruji moja na nusu, vyoo sifuri, hesabu hazilingani najua, saruji naipa uzito zaidi kwa sababu ndio nalala nikiiota.

Ukija na kiti chako, njoo na tairi za upepo za kukanyaga mawe, zile ngumu za hospitali zinafaa kwa vigae vya hospitali basi. Beba tyubu na pampu. Vyuma vikikatika nenda Katwe, mafundi wa pale wanachomelea chochote. Njia ya Namirembe Road nenda Jumapili asubuhi. Na wewe mwenye miguu ukinikuta steji na unataka kusaidia, uliza, halafu mimi nikishapanda chukua kiti kikiwa kitupu upeleke nyuma kwa buti. Lakini fungua breki kwanza, ni mbili, moja kila upande, mnakiburuta kikiwa kimefungwa tairi zinaisha na tyubu mpya mnaninunulia nyie?